Kuzalisha nyoka nyumbani: maandalizi yanayowapunguzia msongo

Picha za watoto wa nyoka wakichungulia kutoka kwenye mayai husambaa haraka mitandaoni, na kila zinaposambaa huzuka maswali yaleyale. Je, inatosha kumweka dume na jike katika kizimba kimoja na kusubiri? Mayai yageuzwe kila siku kama yale ya kuku? Ni lazima nyoka wapitishwe kwenye baridi kwanza? Mama atawalisha watoto wake? Majibu hugongana, na sababu kubwa ni kwamba anayejibu huwa anazungumzia nyoka wa aina moja ilhali aliyeuliza anafuga aina nyingine kabisa.

Makala haya yanahusu nyoka wasio na sumu wanaofugwa sana majumbani, hasa aina tatu: chatu mdogo wa Afrika Magharibi, ambaye jina lake la kisayansi ni Python regius, nyoka-mahindi wa Marekani, Pantherophis guttatus, na boa wa bara la Amerika. Nyoka wenye sumu hawamo, kwa kuwa sioni sababu yoyote ya kuwazalisha ndani ya nyumba wanamoishi watu. Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika miezi mingi kabla dume na jike hawajakutanishwa, na kwamba msongo mwingi unaowapata nyoka wakati wa uzazi huletwa na haraka ya mfugaji, wala si na uzazi wenyewe.

Msongo wa nyoka ni nini

Nyoka halii, hana kope za kufumba wala sura ya uso inayobadilika, kwa hiyo watu wengi hudhani hapati msongo. Ukweli ni kwamba mwili wake, kama wa wanyama wengine wenye uti wa mgongo, hutoa homoni za kujihami anapohisi hatari. Homoni hizo humsaidia zikidumu kwa dakika au saa chache. Zikidumu kwa majuma, hamu ya chakula hupotea, kinga ya mwili hudhoofika na uzazi husimama. Jike aliyeanza kujenga mayai tumboni anaweza kuyafyonza tena yakapotea, na mfugaji akabaki akishangaa kwa nini msimu umepita bila yai hata moja.

Dalili zake zipo, ila zinahitaji jicho lililozoea. Nyoka aliyekuwa akila vizuri hukataa chakula au hutapika mlo wa juzi. Husugua pua kwenye kioo au wavu mpaka magamba ya mdomo yachubuke. Huzunguka kizimba usiku kucha bila kutulia, au kinyume chake hujikunja kama mpira mchana na usiku huku kichwa kikiwa katikati ya mizingo ya mwili. Dalili moja peke yake haithibitishi jambo, kwa sababu dume wa chatu huyu mdogo huweza kukataa chakula kwa majuma kadhaa katika msimu wa kupandana ilhali ni mzima kabisa. Zikikusanyika mbili au tatu, mpango wa uzazi usubiri.

Jambo la pili la msingi ni joto. Nyoka huitwa mnyama wa damu baridi, na jina hilo limewapotosha wengi wakadhani anapenda baridi. Maana yake ni kwamba mwili wake haujitengenezei joto la kutosha, hivyo hulichukua kutoka mahali alipo. Akitaka kusaga chakula au kujenga mayai, husogea penye joto; akitaka kupoa, huondoka. Kizimba chake lazima kimpe nafasi ya kuchagua. Kwa chatu wa Afrika Magharibi, upande mmoja uwe na nyuzijoto 31 hadi 33 za Selsiasi na upande wa pili 25 hadi 27, na kila upande uwe na maficho yake. Mfugaji akiweka maficho upande mmoja tu, anamlazimisha mnyama achague kati ya usalama na joto, na huo ni msongo wa kila siku ambao hauonekani kwa macho. Kifaa cha kupasha joto kisichodhibitiwa na thamostati, yaani kidhibiti-joto kinachojizima na kujiwasha, ni hatari tupu, kwa sababu nyoka anaweza kulala juu yake mpaka tumbo likaungua kabla hajaondoka.

Anza na watoto

Watu wengi hupanga kuanzia mwanzo: watafute dume, watafute jike, kisha yatakayofuata yatajulikana mbele ya safari. Nashauri hesabu ianzie upande wa pili. Nyoka-mahindi mmoja hutaga mayai kati ya 10 na 30. Tuchukue 20 yakaanguliwa yote. Watoto hao hawawezi kukaa pamoja, kwa hiyo zinahitajika kontena 20 zenye vifuniko visivyoacha mwanya, bakuli 20 za maji, na angalau vitoto 20 vya panya kila wiki, ambavyo ni 80 kwa majuma manne. Kila kontena hukaguliwa na kusafishwa peke yake. Kazi hiyo huendelea kwa miezi, kwa sababu mtoto wa nyoka asipewe mtu mwingine kabla hajala milo kadhaa mfululizo bila kusita.

Chatu wa Afrika Magharibi ana mzigo mdogo zaidi, kwa kawaida mayai 3 hadi 11. Boa hatagi. Huyu huwabeba watoto tumboni na kuwazaa wakiwa hai, mara nyingi 10 hadi 30 hivi na wakati mwingine zaidi, nao hukua wakawa nyoka wakubwa ambao si kila nyumba inawaweza. Kama hujui watoto hao watakwenda kwa nani, dume na jike wasikutanishwe mwaka huu. Na kama mayai yametagwa bila kupangwa, wafugaji wenye busara huyagandisha kwenye friza mara tu yanapotagwa. Ni uamuzi mgumu, lakini ni afadhali kuliko kuangua wanyama watakaokosa wa kuwatunza.

Sheria nayo iangaliwe mapema. Nchi nyingi hutaka kibali cha kufuga nyoka, na nyingine hutenganisha kibali cha kufuga na cha kuzalisha au kuuza. Chatu na boa wote wamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini ulioanza kutumika mwaka 1975, kwa hiyo kuwavusha mpaka bila hati ni kosa hata kama walizaliwa sebuleni kwako. Kumchukua nyoka porini ili aje kuwa mzazi ni jambo ninalolipinga waziwazi: huja na vimelea, huzoea kizimba kwa taabu, na kuondolewa kwake hupunguza idadi ya walio porini.

Nani yuko tayari kuzaa

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kutojua jinsia. Dume na jike wa aina nyingi hufanana kwa rangi, na ukubwa peke yake hauaminiki. Dume ana viungo viwili vya uzazi vilivyojificha ndani ya mkia, nyuma ya tundu moja linalotumika kwa haja na uzazi, na ndiyo maana mkia wake kwa kawaida ni mnene na mrefu zaidi kuanzia hapo. Uthibitisho hufanywa kwa kupitisha kijiti chembamba laini, chenye kilainishi, kuelekea ncha ya mkia: kwa dume huingia umbali wa magamba mengi, kwa jike huishia karibu. Kazi hiyo ifanywe na daktari wa wanyama au mfugaji mzoefu, maana mkono usiojua unaweza kumjeruhi jike asizae tena. Wapo waliowaweka pamoja nyoka wawili kwa muda mrefu wakisubiri mayai, kumbe wote ni madume, na kila mmoja anaishi na mpinzani wake asiye na pa kumkimbilia.

Baada ya jinsia ni umri na uzito. Kwa nyoka-mahindi jike, kipimo kinachokubalika na wafugaji wengi ni miaka 3, gramu 300 na urefu wa sentimita 90, vyote vitatu kwa pamoja. Kwa chatu wa Afrika Magharibi, jike asipandishwe kabla ya kufika gramu 1,500 hivi, na ni bora awe na miaka 3 au zaidi. Dume anaweza kuwa tayari akiwa na gramu 600 au 700. Boa jike asubiriwe mpaka miaka 4 au 5. Uzito huo upatikane polepole. Jike aliyelishwa kupita kiasi ili afikie kipimo haraka huwa na mafuta mengi bila kukomaa, na mayai yanapokwama tumboni, tatizo ambalo huweza kumuua, mara nyingi huwa ni kwa jike mdogo mno, mnene mno au asiye na misuli kwa kukaa mahali finyu.

Afya hukaguliwa kabla ya ratiba yoyote. Nyoka mgeni akae karantini siku 90, katika chumba kingine ikiwezekana, akihudumiwa wa mwisho na kwa vifaa vyake mwenyewe. Utitiri wa nyoka, wadudu weusi wadogo kama vichwa vya pini wanaojificha chini ya magamba na kuzama kwenye bakuli la maji, huhama kutoka kizimba hadi kizimba kwa mikono ya mfugaji. Kuna pia virusi vinavyoshambulia mapafu ya chatu, na maradhi ya boa na chatu yanayoharibu neva, ambayo nyoka anaweza kuyabeba kwa muda mrefu bila kuonyesha dalili. Daktari anaweza kuchukua vipimo, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kupoteza wanyama wote ulio nao.

Kuhusu rangi na michoro, ambayo ndiyo inayowavuta wengi katika uzalishaji, ipo dhana moja ya kurekebisha. Ualbino, kwa mfano, hurithiwa kwa jeni fiche, yaani jeni ambayo haionekani mpaka mtoto aipate kwa baba na kwa mama. Ukiwapandisha wazazi wawili wenye rangi ya kawaida ambao kila mmoja ameibeba, uwezekano wa albino ni robo. Wengi huelewa kwamba katika mayai manne lazima mmoja awe albino. Hali halisi ni kama kurusha sarafu mbili kwa pamoja: kupata picha mbili za juu ni robo kila unaporusha, lakini unaweza kurusha mara sita bila kuzipata au ukazipata mara tatu mfululizo. Kila yai lina bahati yake.

Zipo rangi ambazo hazifai kuzalishwa hata kidogo. Chatu wa ile rangi ambayo wafugaji huiita spider huzaliwa wakiwa na kasoro ya sikio la ndani, na wengi wao hutikisa kichwa, hupinda shingo au hukosa shabaha wanaporukia chakula. Kasoro hiyo haiachani na rangi yenyewe. Uzuri wa ngozi haumfidii mnyama asiyejua juu ni wapi na chini ni wapi.

Baridi: kwa nani na kwa kiasi gani

Hapa ndipo majibu ya mitandaoni hugongana zaidi. Nyoka-mahindi hutoka maeneo yenye majira ya baridi, na wafugaji wengi huwapitisha katika mapumziko ya baridi ya nyuzi 10 hadi 13 kwa siku 60 hadi 90. Chakula husimamishwa wiki mbili au zaidi kabla ya hapo, huku joto likiwa bado la kawaida, ili tumbo liwe tupu. Sharti hilo halina mjadala, kwa sababu nyoka aliyepoa hawezi kusaga, na mlo uliobaki tumboni huoza ukamuua. Joto hushushwa kidogokidogo, maji safi huwapo wakati wote, na nyoka mgonjwa au mwembamba haingizwi kabisa.

Chatu wa Afrika Magharibi hana majira kama hayo kwao. Kumpeleka kwenye nyuzi 12 ni kumtafutia homa ya mapafu. Kinachotosha kwake ni kupunguza joto la usiku hadi nyuzi 24 au 25 hivi, huku sehemu yake ya joto ikibaki kama kawaida mchana, na wapo wanaozaa bila hata mabadiliko hayo. Boa naye hupunguziwa kidogo tu. Kwa hiyo swali la iwapo nyoka wapozwe halina jibu moja, na atakayekupa jibu moja bila kuuliza unafuga nyoka gani, usimfuate.

Kuwakutanisha

Siku ya kukutanishwa, wote wawili wawe wamekula siku kadhaa kabla na wamemaliza kusaga, na asiwepo aliye katikati ya kujivua gamba, kipindi ambacho macho huwa na ukungu na mnyama haoni vizuri. Mmoja huhamishiwa kizimba cha mwenzake, kisha chumba huachwa kimya na taa hupunguzwa. Dume hupitisha kidevu mgongoni mwa jike, ulimi ukitoka na kuingia, mwili ukimtetemeka kidogo kidogo, halafu hutafuta kuunganisha mikia. Wakishaungana hubaki hivyo kwa saa nyingi, na chatu huweza kufika siku nzima au zaidi. Wasitenganishwe kwa mkono kwa hali yoyote. Kinachofaa kufanywa ni kutazama mara chache, kwa mbali, na kuandika tarehe.

Kutazama huko ni muhimu zaidi kwa aina zinazokula nyoka wengine. Nyoka-mfalme wa Amerika, wa jenasi ya Lampropeltis, humeza nyoka kwa asili yake, na mfugaji asiyekuwa makini anaweza kurudi akamkuta mmoja tu. Hata kwa aina tulivu, jike akikimbia bila kukoma, akipiga mkia au akijificha chini ya bakuli, waachanishwe na kujaribiwa siku nyingine. Baada ya siku mbili au tatu kila mmoja hurudi kwake, hulishwa, hupumzika, kisha hukutanishwa tena baada ya wiki mbili au tatu.

Dhana kwamba wanapaswa kuishi pamoja mwaka mzima kama mume na mke haina msingi. Aina hizi tatu hazijengi ndoa, na nyoka wanaoonekana wamelala wakiwa wamekumbatiana mara nyingi wanagombea sehemu moja nzuri ya kizimba. Dhana nyingine ni kwamba jike akikaa peke yake hawezi kutaga. Majike wa aina nyingi huhifadhi manii mwilini kwa miezi au hata zaidi, na kuna ushahidi uliothibitishwa kwa vipimo vya vinasaba wa boa na chatu waliozaa bila mchango wa dume yeyote. Mwezi Julai 2020, katika bustani ya wanyama ya Saint Louis nchini Marekani, chatu wa Afrika Magharibi aliyekadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60 alitaga mayai 7 ingawa hakuwa amekaribiana na dume kwa zaidi ya miaka 15. Mfugaji wa jike mmoja tu naye inafaa azijue dalili za mimba.

Jike anapojenga mayai

Dalili hizo ni za kuvutia sana kuzifuatilia. Jike wa chatu, ambaye siku zote alipenda upande wa joto, huanza kujiviringisha kuzunguka bakuli la maji upande wa baridi. Sehemu ya nyuma ya mwili hujaa na magamba yake hutanuka kiasi kwamba ngozi huonekana kati yake. Siku ya kupevuka kwa mayai, katikati ya mwili huvimba ghafla kana kwamba amemeza panya mkubwa mno, na uvimbe huo hutoweka ndani ya siku moja. Baadaye hurudi kwenye joto, na baadhi yao hulala ubavu au wakageuza tumbo juu wakilielekeza kwenye joto. Wengi hukataa kula, na wasilazimishwe.

Majuma machache baada ya kupevuka hujivua gamba, na tarehe hiyo ndiyo kalenda ya mfugaji. Chatu wa Afrika Magharibi hutaga karibu siku 30 baada ya kujivua huko. Nyoka-mahindi huchukua takriban wiki mbili au pungufu kidogo. Boa huzaa baada ya siku 100 hadi 120 hivi. Tangu sasa jike asishikwe isipokuwa kwa dharura. Awekewe sanduku lenye mlango mdogo na vumwani laini, yaani ukoga wa mitini ulioloweshwa na kukamuliwa, kubwa kiasi cha kumtosha akijikunja bila kumwacha na uwazi mwingi. Jike asiyepata mahali pa kutagia anaweza kuzuia mayai mpaka yakakwama, au akayatagia kwenye bakuli la maji yakafa.

Kumkagua kila baada ya saa chache kwa hamu ya kuona mayai ni aina ya usumbufu ambayo mfugaji huiona kama upendo. Mara moja kwa siku inatosha. Akionyesha kujikaza kwa muda mrefu bila kutoa kitu, au akitaga sehemu ya mayai kisha uvimbe ukabaki tumboni, aitwe daktari wa wanyama siku hiyohiyo. Kumkamua kwa mikono ni kumpasua ndani.

Mayai hayageuzwi

Yai la nyoka lina ganda laini kama ngozi, linalofyonza na kupoteza maji. Ndani yake, muda mfupi baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza sehemu ya juu ya ganda. Kuku hugeuza mayai yake ili kiinitete kisigande mahali pamoja. Yai la nyoka likigeuzwa, kiini kizito kinaweza kukilalia kiinitete kikafa. Kwa hiyo kabla ya kuinua yai, weka alama ya penseli upande wa juu na ulilaze vilevile kwenye mashine ya kutotolesha. Yaliyogandana yasibanduliwe kwa nguvu. Ukiyamulika kwa tochi ndogo gizani, lililorutubishwa huonyesha mishipa myembamba myekundu. Lisilorutubishwa mara nyingi ni la manjano, dogo na gumu.

Mama wa chatu huwa amejiviringisha juu ya mayai. Afunikwe kichwa kwa kitambaa, mizingo yake ifunguliwe taratibu kuanzia mkiani, na mtu wa pili ayatoe mayai. Chatu wa Burma huweza kutetemesha misuli ili kupasha mayai yake joto. Huyu mdogo wa Afrika Magharibi huyazingira kuyalinda na kuyahifadhia unyevu. Kumwachia mama mayai yake kunawezekana kwa mfugaji anayeweza kudhibiti joto na unyevu wa kizimba kizima, ingawa humchosha zaidi.

Mashine ya kutotolesha iwashwe angalau wiki moja kabla, ikiwa tupu, na joto lipimwe kwa kipimajoto tofauti na kile kilichojengewa ndani. Chatu wa Afrika Magharibi huhitaji nyuzi 31 hadi 32 kwa siku 55 hadi 60. Nyoka-mahindi nyuzi 27 hadi 29 kwa karibu miezi miwili. Mayai hukaa kwenye kontena lenye vemikulaiti, yaani chembe za madini mepesi yanayofyonza maji, iliyoloweshwa kiasi kwamba ukiikamua kwa ngumi haidondoshi maji. Yai lililobonyea mapema linaomba unyevu. Siku za mwisho kubonyea ni kawaida. Na kwa wanaodhani kwamba wakiongeza joto watapata majike, joto kuamua jinsia ni jambo la kasa na mamba. Jinsia ya nyoka huamuliwa na vinasaba, na joto la ziada halizai kitu ila watoto wenye uti wa mgongo uliopinda.

Kuangua na baada yake

Siku ikifika, ganda hukatwa kwa jino dogo lililo kwenye ncha ya pua ya mtoto. Huonekana mchaniko mfupi, tone la ute linalotoka na kurudi kwa pumzi, halafu pua. Kisha hakuna kinachoendelea, na hapo ndipo mfugaji hujaribiwa kumvuta. Mtoto anaweza kukaa hivyo siku moja au mbili akimalizia kufyonza kiini kilichobaki, ambacho kimeunganishwa na tumbo lake kwa mishipa ya damu. Akivutwa, mishipa hukatika.

Baada ya kutoka, kila mmoja huhamishiwa kontena lake lenye karatasi yenye unyevu, maji na mahali pa kujificha. Mama hamnyonyeshi wala hamlishi. Kiini alichofyonza kinamtosha mpaka ajivue gamba kwa mara ya kwanza, kwa kawaida ndani ya siku 7 hadi 14. Ndipo mlo wa kwanza hutolewa: kitoto cha panya kisicho na manyoya kwa nyoka-mahindi, na panya mdogo aliyeanza kuota manyoya kwa chatu. Anayekataa arudishiwe baada ya siku tano hadi saba, si kesho yake, na asishikwe mpaka awe amekula mara tatu au nne. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kugusa nyoka au vyombo vyao, kwa kuwa hata mwenye afya hubeba bakteria wa salmonela, ambao ni hatari zaidi kwa watoto walio chini ya miaka 5, wazee na wajawazito.

Katika shughuli hizo mama husahauliwa. Ametumia sehemu kubwa ya akiba ya mwili wake na huenda hajala kwa miezi. Kizimba chake kisafishwe chote na yeye mwenyewe aogeshwe kwa maji ya vuguvugu, kwa sababu harufu ya mayai ikibaki huendelea kukaa kama anayeatamia na hukataa chakula. Aanze na milo midogo kuliko aliyoizoea, mara kwa mara kidogo, na apimwe uzito kila mwezi. Asipofikia uzito wa kabla ya kupandishwa ifikapo msimu unaofuata, apumzishwe mwaka mzima. Na hata akiufikia, mimi humwona jike anayezaa kila mwaka wa pili kuwa ndiye anayetunzwa ipasavyo.